Magwangala ya Bulyangoko

Swali lenu limenifikia. Mnauliza kitambaa kinawezaje kubeba tipa lililojaa mawe juu ya tope la mbuga. Wajukuu zangu, nimefanya kazi ya barabara tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe, nimetandaza vitambaa hivyo kuanzia Kahama hadi karibu na Runzewe, na swali lenu ndilo ninalolala nalo. Mkinikuta barazani nimenyamaza msidhani nawaza ng'ombe. Nawaza kitambaa.

Nitawaeleza nilichokiona. Nisichokielewa nitasema sikielewi, na mtaona ni kingi. Wenye vyeti watawamalizia.

Tuanze na mbuga yenyewe. Ninyi wa mjini mkisikia mbuga mnafikiria simba. Kwetu mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, huu tunaolimia mpunga kwenye majaruba. Luseni, ule mchanga wa huko juu, ni udongo wa kistaarabu. Unyeshewe usinyeshewe, utaukuta ulivyo. Mbuga haina msimamo. Kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, mvua ikija inavimba, inateleza, inang'ang'ania viatu. Ukimwaga moramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, juu yake wakati wa jua unapata barabara nzuri ya kupigia picha. Mvua zikikolea, moramu yote imenywewa. Nasema imenywewa kwa sababu sina neno lingine. Tulikuwa tunamwaga mawe mahali pale pale kila mwaka, na kila mwaka hayapo. Kijana mmoja wa maabara aliniambia mawe yanashuka na tope linapanda, vinapishana. Nikamuuliza vinapishana mpaka lini. Akasema ana simu ya kupokea.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shija, nyapara wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikuwa anajua udongo kwa kuukanyaga tu. Lakini siku mabunda ya kwanza ya kitambaa yalipofika saiti yetu kule Kahama, hata yeye aliyazunguka kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Hakuna aliyetueleza. Dereva alishusha, akageuza gari, akaondoka. Mzee Shija akagusa, akanusa, akasema, "Blanketi hili. Wamekosea, lilikuwa la hospitali."

Baadaye ikaja simu kwamba litandazwe chini, mawe yaje juu. Tukatandaza. Tipa la kwanza likaingia moja kwa moja juu ya kitambaa kitupu, likakata kona ili lirudi kinyumenyume, na kitambaa chote kikafuata magurudumu kama shuka linalovutwa kitandani na mtoto. Mzee Shija akakaa chini. Ndiyo siku tuliyojifunza kwamba gari halikanyagi kitambaa. Gari linakaa juu ya mawe yaliyokwisha kumwagwa, linamwaga mengine mbele yake, greda inayasukuma taratibu, na kazi inasonga hivyo hivyo. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Vibarua nao walikuwa na akili zao. Kipande kilichobaki kilikwenda kuanikia mpunga, kingine kikawa tandiko la baiskeli. Mmoja alikishona koti la mvua, likamkaa vizuri kweli, akaja nalo kazini siku ya mawingu akijigamba. Mvua ilipopiga alilowa kuliko sisi tusio na koti. Alisimama pale maji yanamchuruzika, anajitazama mikono, haelewi. Ndipo tukajua jambo la pili: kitambaa hiki kinapitisha maji na kinazuia tope. Mzee Shija alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa mimi ndiyo sielewi kabisa. Kinapitisha maji, halafu kinazuia tope lililojaa maji?"

Nilipanda ngazi, nikawa msimamizi, nikazunguka. Siku hizi vitu ni vingi: kuna kitambaa, kuna wavu wa plastiki mgumu ambao mawe yanajibana kwenye matundu yake, kuna mifuko ya kujazwa udongo. Na likaja hili jingine la kujenga kwa takataka. Hapo ndipo inapoingia Bulyangoko, kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Bulyangoko ni kijiji kilichokaa ng'ambo ya mbuga, ukitoka barabara kuu ya kwenda Runzewe. Kiangazi unavuka kwa baiskeli huku unapiga mluzi. Masika, kijiji kinakuwa kisiwa. Wana zahanati ndogo, na muuguzi wake alikuwa Mama Minza, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, aliyezalisha nusu ya watoto wa pale. Uzazi ukiwa mgumu ilibidi apeleke mama kituo cha afya barabarani, kwa mkokoteni wa ng'ombe, ndani ya tope. Mvua za mwaka uliotangulia mkokoteni ulikwama katikati, ng'ombe wakalala, na binti aliyekuwa juu yake akafia pale pale, mkono wake uko ndani ya mkono wa Mama Minza.

Siku tulipofika kupima, Mama Minza alikuja mwenyewe saiti, akatusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, tukaitikia. Nyuma yake alikuwa binti yake wa pekee, Minza, tumbo limeanza kuonekana.

"Baba Kulwa," akaniambia, "huyu atajifungua mvua zikiwa zimechachamaa. Nataka kujua kama hiyo barabara yenu itakuwepo."

Nikamwambia itakuwepo. Nilisema kwa sababu ndivyo msimamizi anavyosema.

Mkubwa wangu pale alikuwa Injinia Upendo, binti wa Iringa, mpole, mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Alinipa shikamoo kila asubuhi kama baba yake, kisha akanibishia mpaka jioni. Yeye ndiye aliyeleta mpango. Chini, udongo wa mbuga uchanganywe na chokaa na majivu ya pumba za mpunga, zile pumba zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa Kahama mpaka watu wanazichoma kuziondoa. Juu ya hapo kitambaa. Juu ya kitambaa magwangala, yaani mawe ambayo mgodi mkubwa unayatupa baada ya kuchukua yenye dhahabu ya kutosha, na mwisho moramu nyembamba. Na pembeni, karibu na kalavati la kupitishia maji chini ya barabara, kuta za matairi chakavu ya malori yaliyojazwa kokoto.

Mkutano wa kijiji ukaelezwa haya. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia, akauliza kwa upole mkubwa, "Yaani mkoa mzima umekaa, ukaona jalala liwe Bulyangoko?"

Upendo akamjibu, "Si jalala, mzee. Hizi ni takataka zilizopata kazi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa upande wa mwenyekiti. Pumba, matairi, mawe yaliyokataliwa na blanketi; nikajiona naaga kazi kwa aibu. Nilimuuliza injinia tena na tena kitambaa kinafanya nini pale chini. Akaninyooshea vidole: kinatenganisha mawe na tope, kinachuja maji, kinatawanya uzito. Neno la tatu ndilo lililonikwama. Nguo inatawanyaje uzito? Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni ujuzi wa kwanza unaojifunza kazini, na ndio utakaokutesa mpaka uzeeni.

Kwa haki niseme binti yule hakufanya kazi kwa kubahatisha. Magwangala aliyapeleka maabara kwanza, kwa sababu mawe mengine ya migodini yakinyeshewa hutoa maji makali ya kuunguza mimea na kula zege. Yaliyofaa tu ndiyo yaliyokuja. Alitukataza kuacha kitambaa juani, maana jua linakiozesha kimya kimya. Alitaka kipande kipandane na mwenzake kwa urefu wa mkono wa mtu mzima, na pasiwe na mikunjo. Tukamaliza kabla mawingu hayajakusanyika. Sikuwahi kuona barabara nzuri vile juu ya mbuga, na sikuiamini hata kidogo.

Mvua zikaja. Majaruba yakajaa pande zote mbili, na barabara ikakaa katikati, kavu, imetulia. Malori ya mpunga yakapita. Nilikuwa naamka mapema kwenda kuitazama nikitegemea isiwepo. Mama Minza akawa akiniona ananiambia "Wabeja, Baba Kulwa," asante, nami napokea asante ya kitu nisichojua kinasimamaje.

Kisha pale karibu na kalavati pakaanza kubonyea.

Mwanzo ni kama sahani. Baada ya mvua mbili tatu likawa beseni, upana wote wa barabara, na gari likipita unaona linainama kama anayepiga goti. Pengine kote palikuwa salama. Mvua ni ile ile, udongo ule ule, kitambaa kile kile. Upendo akasema maji yanapenya kwenye ukuta wa matairi. Mimi nikasema ni yale majivu ya pumba, tangu mwanzo niliyaogopa. Tulibishana mpaka tukabadilishana hoja bila kujua. Jioni yeye ndiye anasema majivu na mimi natetea pumba. Nikampigia simu Mzee Shija, aliyekuwa amestaafu siku nyingi, nikamweleza kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniita kwa jina langu kama zamani, "Mabula, mimi siku hizi niulize habari za mbuzi."

Na Minza tumbo lilikuwa limeshuka. Mama yake alikuwa anapita pale kwenye beseni kila siku. Nilitegemea atanisema. Hakusema kitu, anaangalia pembeni tu na kuongeza mwendo. Nikaona amenikatia tamaa, na iliniuma.

Asubuhi moja anga likiwa safi tukaamua kuchimba tuone. Tulipanga shimo dogo la kuangalia, tuchungulie, tufukie kabla ya jioni. Jembe la kwanza likatoa udongo mwekundu. La pili, mwekundu. Hapakuwa na jiwe la magwangala hata moja. Kilichokuwepo ni udongo wa kichuguu, ule tunaosakafia nyumba, umepangwa vizuri, umeshindiliwa kwa tabaka, na juu umerudishiwa moramu nyembamba kama ilivyokuwa. Tukafuata kile kichuguu kukiondoa, nacho kikaendelea, mpaka tumeikata barabara upande hadi upande. Chini kabisa tukakuta tope. Kitambaa hakipo. Kimekatwa kwa kisu, pembe nne zimenyooka.

Injinia Upendo aliingia shimoni akasimama akiwa amejishika kiuno. "Mzee, mwizi gani anashindilia?"

Nimeona watu wakiiba nondo, wakiiba dizeli, wakiiba vibao vya alama na kufanyia milango ya mabanda. Lakini mtu anayeiba barabara kisha anairudishia kwa uangalifu kuliko vibarua wangu, huyo sijawahi kumwona. Vibarua nao walizunguka shimo wakisifia kazi. Mmoja aliuliza kama tunaweza kumpata aliyeshindilia tumwajiri.

Tukamwita mwenyekiti. Akatazama, akasema hajui. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wakatazama, wakasema hawajui, wakaondoka haraka kidogo kuliko walivyokuja. Tukatuma tipa lilete mawe na bunda la kitambaa lililobaki bohari, Kahama. Likiwa halijarudi, wingu likapanda kutoka upande wa Geita, jeusi, halina hodi. Mvua ilimwagika, majaruba yakafurika ndani ya shimo letu, na kabla haijakatika barabara ya Bulyangoko ilikuwa vipande viwili na bwawa katikati.

Na ndiyo mchana ule Minza alishikwa na uchungu.

Habari ilitufikia tukiwa tumejikinga chini ya turubai. Mtoto amekaa vibaya, Mama Minza amemaliza ujuzi wake, gari la wagonjwa limeshaitwa. Gari likaja kweli, likatoka barabara kuu, likakimbia vizuri juu ya kitambaa na magwangala mpaka kwenye bwawa letu, likasimama. Dereva akashuka, akatazama maji, akatutazama sisi ng'ambo. Hapakuwa na haja ya kuulizana.

Walimleta Minza kwa mkokoteni mpaka ukingoni. Ng'ombe wakagoma. Binti alikuwa analia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. Kumbeba mgongoni haiwezekani katika hali ile, machela ya zahanati ilikuwa imevunjika mguu na kuchanika siku nyingi, na tope lilikuwa linafika mapajani. Mimi nilisimama pale na kofia yangu ya usimamizi, sijui nianzie wapi. Nilikuwa namwona yule binti mwingine, aliyefia kwenye tope lile lile, ingawa sikuwahi kumjua sura.

Mama Minza alimtazama mwanawe. Akatazama ng'ambo, penye gari. Kisha akageuka, akakimbia kurudi kwake, mwili wote ule, kwenye utelezi. Watu wakashangaa, mtu anamwacha mwanawe hivi na kwenda wapi?

Alirudi amekumbatia kitu kimekunjwa. Akakikung'uta mbele ya watu wote. Kilikuwa kitambaa chetu. Kimefuliwa, pembe nne zimenyooka, na katikati kina doa la rangi ya matope ya mgodini.

Injinia alikitazama, akanitazama. Nilikasirika, nawaambia wazi, nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Mwanamke huyu ndiye aliyekuja kuniuliza kama barabara itakuwepo. Mama Minza hakumtazama mtu. Alikitandaza juu ya nyasi akasema, "Mtanifunga kesho. Mshikeni mwanangu."

Tukamlaza Minza. Mama yake akashika kichwani, Upendo akashika ubavu mmoja na mimi ubavu wa pili, na wale wanawake wa ndoo, ambao sasa nilielewa kwa nini walikuwa na haraka, wakashika kwingine kote. Kila mmoja akakunja pindo ndani ya ngumi. Tukaingia majini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo swali lenu lilipo. Nilijiandaa kubeba uzito. Minza ni mtoto wa mama yake, si mwepesi, na ana mtu mwingine tumboni. Nilikaza mgongo, nikauma meno, na uzito uliokuja mkononi mwangu ulikuwa mdogo. Nikadhani wenzangu wameelemewa kwa ajili yangu. Nikamtazama Upendo ili nimwonee huruma, nikamkuta ananitazama mimi kwa huruma ile ile. Katikati ya maji mwanamke mmoja mguu wake ukazama, akaenda chini mpaka kiunoni, pindo lake likalegea. Nilisikia mkono wangu ukiongezewa kidogo, kidogo tu, na nikaona kila uso unasikia hivyo hivyo. Minza hakuyumba. Yule mwanamke akajivuta, akakaza pindo, na mkono wangu ukarudi ulivyokuwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amembeba Minza, na Minza alikuwa anavuka.

Tulimwingiza kwenye gari na kitambaa chake. Upendo akafunga mlango, akabaki ameegemea, amelowa mpaka kofia. "Ndivyo kinavyofanya kule chini, Mzee," akaniambia. "Ndilo neno la tatu."

Nikamwambia hapa nimeelewa, tulikuwa na mikono. Kule chini nani anashika pindo? Akasema mawe ya pembeni yanalalia kitambaa, hayo ndiyo mikono. Niliitikia kwa kichwa. Safari hii nusu ya kuitikia kule ilikuwa kweli.

Minza alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye hasira. Siku ya tatu Mama Minza alikuja saiti na wenzake wote, wamefunga khanga viunoni kama wanakwenda msibani. Akaeleza mwenyewe. Walipoona magwangala yanamwagwa barabarani, waliona yanameta. Bulyangoko wote wana ndugu kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, wanajua jiwe linalometa linaweza kwenda karasha kusagwa na likatoa kitu. Wakasema watachukua machache, alfajiri, kabla watu hawajatoka, na kila walipotoa watarudishia kichuguu na kukishindilia kwa mitwangio. Hawakutaka kuiharibu barabara. Waliihitaji kuliko mtu yeyote.

"Tulishindilia kwa moyo," akasema. "Tukaona barabara haitajua."

Na kitambaa? Akainamisha kichwa. Kule machimboni watu wanamwaga matope ya mawe yaliyosagwa juu ya ubao uliotandikwa magunia, vumbi la dhahabu linanasa kwenye gunia. Walipofika chini na kukuta kitu chenye manyoya kinachopitisha maji na kuzuia tope, hakuna aliyehitaji kuelezwa kazi yake. Wakaona ni bora kuliko gunia. Injinia Upendo alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mpaka leo sijui kama alikuwa anazuia kilio au kicheko.

"Lakini nilipoona panabonyea," akasema Mama Minza, "nilijua ni sisi. Nikaogopa kusema. Kila siku nilipita pale nikihesabu siku za mwanangu, na nikanyamaza. Hilo ndilo sielewi, Baba Kulwa. Nilinyamazaje?"

Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kulala. Wao walitoa mawe, lakini shimo lililokata barabara siku ile tulichimba sisi. Tusingechimba, lile beseni lingelivusha gari? Upendo anasema lingezama. Siku nyingine anasema labda lingepita. Nimeliwaza kwa kila upande na kila upande unanipa jibu lake.

Hakufungwa mtu. Mwenyekiti alitaka, injinia akakataa. Kitambaa kiliporudi kutoka kituo cha afya akasema kisirudi barabarani, kikae zahanati kwa kubebea wagonjwa, na huko ndiko kiliko. Sisi tulitumia lile bunda la bohari. Tulipokuwa tunalitandaza wanawake walirudi, safari hii na mabeseni kichwani. Ndani yake yalikuwa magwangala yale ambayo yalikuwa hayajafika karasha, waliyoyaficha chini ya vitanda na kwenye vihenge. Wakayamwaga wenyewe, jiwe juu ya jiwe, bila kukanyaga kitambaa, maana walikuwa wamenisikia nikipiga kelele.

Mama Minza alibaki na jiwe moja. Lilikuwa la ukubwa wa ngumi, jeupe, na upande mmoja lina mstari wa njano ambao hata mimi nisiyejua mambo ya machimbo nilisimama kuutazama. Alilishika muda mrefu.

"Liweke wewe, Baba Kulwa," akasema. "Mimi mkono unakataa."

Nililipokea. Na wangu ukakataa kidogo, nisiwadanganye. Kisha nikashuka, nikalilaza juu ya kitambaa upande wa njano ukiwa chini, nikaita tipa limwage.

Miaka kadhaa ya mvua imepita na mahali pale hapajabonyea. Mkienda mtawaona watoto wa Bulyangoko wakivuka kwenda shule, na mmoja wao ni yule wa Minza, bado ana hasira. Niulizeni lolote jingine, hata yale nisiyoyajua. Ila jiwe liko upande gani wa kalavati, hilo nalijua vizuri, na sitawaambia.